Njia za Goma ziandikwe na wenye kuzipita



Wiki hii tumefungua tovuti ndogo inayoonyesha njia za teksi-basi na za pikipiki katika mji wetu: gari inaanzia wapi, inapita wapi, inaishia wapi, na watu wanalipa ngapi. Hakuna mtu aliyetulipa. Tuko vijana wenye diploma ya chuo kikuu na bila kazi. Asubuhi tunapeleka dosye za kuomba kazi, mangaribi tunachora njia kwa telefone. Hatuandike haya juu ya kujisifu. Tunaandika kwa sababu kujua njia na bei yake ni haki ya raia, na kazi hiyo tunaweza kuianza sisi wenyewe.

Leo ujuzi huo uko ndani ya kichwa cha dereva na konvwayeri. Ukiwa mtoto wa Birere, hauna shida. Unajua kama gari ya Ndosho na Mugunga inafuata barabara ya Sake, unajua pa kushukia, na konvwayeri akizidisha bei unamwambia aache michezo. Lakini mtu aliyekimbia vita kule Masisi ao Rutshuru? Mwanafunzi aliyetoka Walikale juu ya masomo? Mama aliyeleta mgonjwa hospitali? Akiuliza njia tu, wameshajua kama ni mgeni, na bei inapanda palepale. Vituo vingi havina kibao. Bei haiandikwe kwenye kioo cha gari. Mvua ikinyesha bei inapanda, mvua ikikatika haishuke. Kuna siku safari moja inakatwa mara mbili: unashushwa katikati, unalipa tena.

Tufanye hesabu. Mtu akizidishiwa franka 500 asubuhi na franka 500 mangaribi, kwa siku 26 za kazi ni franka 26 000 kwa mwezi. Katika nyumba zetu, hiyo ni pesa ya unga na ya sabuni. Na anayeizidishiwa hana kitu cha kuonyesha ili abishane.

Wengine walishafanya kazi hii. Huko Nairobi, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Marekani, walipanda matatu na telefone mkononi, wakaandika kila kituo. Mwaka 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130, na mji ukaikubali. Dar es Salaam, tangu 2015, wanafunzi walishirikiana na wakaaji wa mitaa kuchora mifereji na barabara ili mji ujitayarishe kwa mafuriko. Sisi tunatumia OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Kila mtu anaweza kuiongezea na kuisahihisha, na kila mtu anaweza kuichukua bure. Ukishaipakua kwa telefone, unaisoma hata kama mega zimeisha.

Kuna wanaotuambia: watu hawana maji, hawana usalama, na ninyi mnachora ramani? Swali hilo ni la haki. Ramani haileti maji, na haizibi shimo hata moja la barabara. Lakini tukumbuke Mei 2021. Tarehe 22 usiku Nyiragongo ililipuka, lava ikakata barabara ya kwenda Rutshuru. Tarehe 27 amri ikatoka ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Wengi walishika barabara ya Sake, wengine wakavuka Rwanda, wengine wakapanda boti. Siku kama hiyo, kujua ni njia gani ingali wazi kunaweza kuokoa watu. Ramani inayosahihishwa na wakaaji kila siku njo itakayokuwa tayari siku hiyo. Hatuwezi kuanza kuichora wakati moshi umeshaonekana.

Tumejiwekea sheria. Hatuandike jina la msafiri wala namba yake ya telefone. Hatuweke nyumba ya mtu, wala mahali pa askari. Bei tunaiandika kama watu watatu tofauti wameilipa kwenye njia ileile, na tunaweka tarehe. Na data yote iko wazi: kesho sisi tukipata kazi ao tukihama mji, mwingine ataendelea pale tulipoishia.

Wamotari na madereva si maadui wetu. Mafuta yakipanda wanaumia mbele yetu, barabara mbovu inaua gari zao, na matozo ya njiani wanayajua kuliko sisi. Bei iliyoandikwa inawalinda wao pia, sababu inaondoa ugomvi wa kila asubuhi. Kwa hiyo tunaomba vyama vyao vikae na sisi, vitazame njia moja moja, na viseme pale tulipoandika kinyume.

Kwa wenye kuongoza mji, tunadai mambo mawili. Bei ya kila njia itangazwe na ibandikwe ndani ya gari. Vituo viwekwe vibao, kwa majina ambayo watu wanayatumia tayari. Tuliyoyaandika tutayatoa bure, hatuombi kandarasi.

Na wewe unayesoma, kesho ukipanda gari, andika mambo manne: ulipopandia, uliposhukia, ulicholipa, na saa. Tutumie. Kama mtaa wako hauko kwenye ramani, usingoje tuje. Ita wenzako wawili, mtembee njia yenu mpaka mwisho, muiandike. Mtu atakayefika Goma kesho bila kujua mtu, akute njia imeshaandikwa.