Chanjo ya HPV: kwa nini sasa ni sindano moja, na ndani yake mna nini?

Mama, mlezi,

Hapa Kilosa na Mikumi swali ni lile lile: "Nesi, zamani zilikuwa sindano mbili, leo mnasema moja. Dawa imeisha? Na binti yangu atazaa kweli?" Una haki ya kuuliza.

Ndani mna nini?
Kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kina ganda la protini. Kwa mojawapo ya chanjo hizi, wataalamu huipa hamira, ya jamii ile ile tunayoumulia maandazi, maelekezo ya kutengeneza ganda hilo tu. Protini husafishwa, hujikusanya kuwa vijiganda vitupu, kisha hushikizwa kwenye chumvi ya aluminiamu ili kinga ya mwili iamke vizuri. Kirusi chenyewe hakimo. Ganda la yai lililo tupu halitoi kifaranga. Vivyo hivyo chanjo haimwambukizi binti wala haimfanyi tasa. Kinachoweza kumnyima uzazi ni saratani yenyewe.

Kwa nini moja?
Mwaka 2018 Tanzania ilianza na dozi mbili, zikiachana miezi 6. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionesha kuwa miaka miwili baada ya dozi moja, karibu wote bado walikuwa na kinga dhidi ya aina 16 na 18, zinazoleta takribani asilimia 70 ya saratani hii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja. Nchi yetu ikahamia huko 2024. Kwetu hili ni jambo kubwa: binti wa mfugaji akihama na mifugo kabla ya dozi ya pili, hapotezi tena kinga yake.

Ufanye nini?
- Binti wa miaka 9 hadi 14 hajachanjwa? Mpeleke kituoni. Ni bure.
- Anaishi na VVU? Mwambie mhudumu, huenda akahitaji zaidi ya dozi moja.
- Akishachomwa, akae dakika 15. Mkono kuuma au homa kidogo hupita.
- Wewe mwenyewe, ukiwa na miaka 30 hadi 50, omba kupimwa mlango wa kizazi. Chanjo ya binti haikukingi wewe.

Bado una wasiwasi? Njoo na binti, tuzungumze kwanza.