Upendo Unaoonekana

Ndugu msomaji, ukitoka Kikwajuni kwa miguu, ukapita Mnazi Mmoja, hutachukua muda mrefu kufika Mkunazini. Hapo utaliona kanisa kubwa la mawe la Waanglikana. Zamani hapakuwa na kanisa. Palikuwa na soko, na bidhaa yake ilikuwa watu.

Watu hao walitekwa bara, wengine karibu na Ziwa Nyasa. Walivushwa bahari kwa majahazi. Mnunuzi aliwakagua kama mtu anavyokagua ng'ombe. Mwezi wa Juni mwaka 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale. Aliyesimamia kazi ya ujenzi ni Edward Steere, ambaye baada ya muda mfupi alikuwa askofu.

Wageni wengi huja kutazama jengo hilo. Mimi napenda zaidi habari ya watoto watano. Mwaka 1864, Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer watoto watano wa kiume. Walikuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Fikiri, ndugu. Mtoto ametengwa na mama yake. Amesafirishwa kama mzigo. Hata lugha ya watu hawa wapya haijui. Je, wewe ungemwambiaje mtoto huyo kwamba Mungu anampenda?

Maneno peke yake asingeyaamini. Ilibidi kwanza apate chakula. Apate nguo na mahali pa kulala bila hofu. Kisha afundishwe kusoma. Mmoja wa watoto wale, John Swedi, alikuwa shemasi mwaka 1879. Mtoto mwingine aliyetoka utumwani, Cecil Majaliwa, alipewa upadri mwaka 1890.

Steere naye alifanya jambo ambalo watu hulisahau. Alikaa na watu wa Unguja akawasikiliza. Akajifunza Kiswahili chao. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi walizomsimulia. Baadaye akafasiri Agano Jipya. Kumsikiliza mtu kwa lugha yake ni kumheshimu, na mimi naona upendo huanza hapo.

Lakini tusisifu kila kitu. Huko Mbweni misheni ilinunua shamba, ikawaweka watu waliotoka utumwani. Walipata makao, na watoto wao walipata skuli. Hata hivyo, wenye amri walikuwa Wazungu wa misheni. Watu wazima walitazamwa kama watoto. Wewe uliyeanza kusoma ukiwa mtu mzima unajua jinsi jambo hilo linavyouma. Kumsaidia mtu si ruhusa ya kumtawala.

Sasa turudi Kikwajuni. Sisi Wakristo hapa ni wachache. Majirani zetu wengi ni Waislamu. Katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1960, tunapanda ngazi moja. Harufu ya samaki wa jirani inaingia kwako, na ya kwako inaingia kwake. Mtoto wake akilia usiku, wewe pia huna usingizi! Basi upendo wa Mungu tutauonyesha kwa nani, kama si kwa huyu?

Yesu aliulizwa jirani ni nani. Akasimulia habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akaachwa njiani. Watu wa dini yake walimpita. Aliyemwinua ni Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa. Alimfunga majeraha, akamlipia malazi. Hakumuuliza dini yake. Wala baadaye hakumdai aibadili.

Hapo ndipo tunapokosea mara nyingi. Mtu anapeleka sahani ya chakula kwa jirani, moyoni anahesabu kwamba siku moja atamwona kanisani. Mimi nasema hiyo ni biashara. Mungu hutupenda kabla hatujafanya lolote. Anayetaka kuonyesha upendo wa namna hiyo atoe bila kungoja malipo.

Jambo hili si dogo kwetu. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto hapa Unguja. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Mwezi wa Februari mwaka 2013, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akafa. Tazama, aliumizwa sheikh na aliuawa padri. Siku kama zile watu hufunga milango, na uvumi hupita kila nyumba. Kama hukuwahi kumjulia hali jirani yako wakati wa amani, utabisha hodi kwake siku hiyo kwa neno gani?

Kwa hiyo anza na lililo karibu. Nenda mazikoni, hata kama huzijui dua zao. Mwezi wa Ramadhani usipike na kula mbele ya aliyefunga. Ukialikwa futari, nenda. Na mwambie mtu kwa mdomo kwamba unamthamini, maana wengine tunaona haya kusema, tukidhani anajua.

Labda katika ngazi yako yuko bibi anayeishi peke yake ghorofa ya tatu. Maji ya bomba hayapandi, na magoti yake hayamwezeshi tena kushuka. Ndoo yake iko mlangoni tangu asubuhi.