Sukari ya Mangi na stoo ya mwenye gari

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika Tanzania. Mvua za El Niño zilikuwa zimejaza maji mashamba ya miwa, matrekta yakashindwa kuingia, na viwanda vikazalisha pungufu ya vilivyopanga. Januari serikali ikatangaza bei elekezi: kilo moja ya rejareja iuzwe kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kulingana na eneo. Mitaani bei ilikuwa imeshafika 4,000, na kwingine 5,000. Ramadhani nayo ilikuwa njiani, mwezi wa uji, chai na kaimati, ambamo matumizi ya sukari hupanda hata kwa wasiofunga. Katika hali kama hiyo ushauri huwa ni ule ule, kutoka kwa jirani hadi kundi la WhatsApp la ukoo: ukiiona, nunua ya kutosha.

Ya kutosha kwa nani?

Mwenye mshahara na gari anaelewa mara moja. Akitoka kazini anapitia duka la jumla, anapakia kwenye buti mfuko wa sukari wa kilo 25, dumu la lita 20 la mafuta ya kula, katoni ya sabuni na unga wa mwezi mzima. Hajavunja sheria wala hana nia mbaya. Anahofia kuwa kesho bei itakuwa nyingine, na mara nyingi hofu hiyo huwa na msingi. Lakini mjini wapo wengi zaidi wasio na stoo kabisa. Dereva wa bodaboda, mama lishe, saidia fundi: hao hupata jioni na hununua jioni. Stoo yao ni duka la Mangi, kama wengi wa Dar es Salaam wanavyomwita mwenye duka la mtaani, awe Mchaga au asiwe.

Saa moja usiku duka hilo ni la watoto. Mmoja ametumwa mafuta ya kupima ya shilingi 500, ameshika chupa ya maji ambayo bado inateleza kwa mafuta ya jana. Mwingine anataka robo ya sukari, kiberiti, na majani ya chai ya mia. Sabuni ya mche inakatwa vipande kwa kisu, na kila kipande kina bei yake. Nyuma ya nondo za dirisha kuna daftari lililochakaa kona, limejaa majina ya mama fulani na baba fulani, na mbele ya kila jina deni la kulipwa mwisho wa wiki. Hakuna benki inayokopesha sukari ya robo kilo bila dhamana. Mangi anakopesha.

Kununua kwa namna hiyo ni ghali. Sukari ikiwa 3,000 kwa kilo na robo ikauzwa 800, anayechukua robo nne amelipa 3,200. Mkaa wa kopo ndivyo ulivyo ukilinganishwa na wa gunia, na sabuni ya kipande ukilinganisha na mche mzima. Kumwambia mtu huyu aweke akiba ni kumfundisha hesabu anayoipiga kila siku. Anajua fika kuwa gunia ni nafuu. Fedha ya gunia ndiyo asiyokuwa nayo kwa mkupuo.

Ndiyo maana swali la kujaza stoo wakati wa uhaba haliishii ndani ya nyumba ya anayejaza. Mangi huleta mzigo kwa makadirio. Akiwa na wateja hamsini wanaochukua kilo moja kwa wiki, ataleta mfuko mmoja wa kilo 50 na ziada kidogo. Wateja hao wakiamua wiki moja kuchukua kilo mbili mbili, mfuko unakwisha katikati ya wiki, ingawa kilo mbili za sukari si jambo la kumshangaza mtu. Anayekuja Alhamisi anaambiwa haipo. Anarudi na habari hiyo mtaani, na waliokuwa hawana hata wazo la kununua wanakimbilia duka linalofuata. Uhaba mdogo wa kiwandani umezaa uhaba mkubwa wa dukani.

Kenya imeupitia mchezo huu mara kadhaa. Katikati ya 2017, baada ya ukame, serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe shilingi 90 za huko. Unga wa bei hiyo uliisha kwenye rafu kila ulipofika, na supamaketi zikaweka sharti la pakiti mbili kwa mteja. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Nairobi, toroli zilijaa unga, toilet pepa na vitakasa mikono, wakati ambapo nchi haikuwa imeishiwa toilet pepa hata kidogo. Sharti la pakiti mbili linaudhi, hasa kwa mwenye familia kubwa, lakini lina haki ndani yake: linamzuia mwenye fedha nyingi kumaliza zamu ya wengine. Mangi ana sharti lake la kienyeji, la kuwawekea wateja wa daftari chini ya meza. Katika hilo kuna upendeleo, na kuna utu pia.

Wenye umri mkubwa Tanzania wameshaona makubwa kuliko haya. Baada ya Vita vya Kagera, vilivyokwisha 1979, na mafuta ya petroli yakiwa yamepanda duniani, nchi ilikosa fedha za kigeni na bidhaa za kawaida zikatoweka. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, khanga, dawa ya meno, vyote vilikuwa vya foleni kwenye maduka ya ushirika, na jiwe liliwekwa kushika nafasi ya mtu aliyekwenda kuhangaikia foleni nyingine. Wapo waliofulia majani ya mpapai. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi halisi walikamatwa, na wengine wengi pamoja nao. Watu wakaanza kutupa bidhaa usiku, kwa hofu ya kukutwa na mali ambayo wasingeweza kuieleza imetoka wapi.

Bidhaa zilizotupwa hazikumsaidia yeyote aliyekuwa kwenye foleni. Kilichorudisha sabuni madukani ni uamuzi wa 1984 wa kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Bei zilikuwa za kuumiza, na lawama zikawa nyingi, lakini foleni zilifupika. Sokoine hakuyaona hayo; alifariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo, na heshima yake kwa Watanzania wengi imebaki juu kwa sababu hakuna aliyetilia shaka uadilifu wake. Msako wenyewe ndio wa kutiliwa shaka.

Miaka arobaini baadaye mtindo haujabadilika sana. Bei ikipanda, viongozi huwageukia wafanyabiashara na kuwatuhumu kuficha. Wapo wanaoficha, hilo halina ubishi. Lakini mtazame Mangi aliyenunua sukari kwa bei ya jumla iliyokwishavuka bei elekezi ya rejareja. Akiuza kwa bei ya serikali anapata hasara. Akiuza kwa bei inayomlipa anavunja agizo. Kilichobaki ni kusema haipo, na kuitoa kwa anayemfahamu. Bei elekezi isiyokuja na shehena ya sukari inaiondoa sukari mezani na kuipeleka uvunguni.

Kwenye petroli mambo haya yanaonekana waziwazi zaidi. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Julai 2023, dola zilipokuwa adimu kwa waagizaji, vituo vingi vilikauka, na Agosti lita moja ya petroli Dar es Salaam ikapanda kutoka takriban shilingi 2,700 hadi karibu 3,200. Chukulia kituo chenye lita 20,000 kwenye tangi siku ya Jumanne na mmiliki anayenusa kinachokuja. Akisubiri hadi kesho tu, zaidi ya shilingi milioni tisa zinaingia bila jasho. Kumfungia mmoja au wawili ni sawa kisheria, lakini kishawishi hicho kinarudi kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Mwenye gari naye huenda na dumu kujiwekea lita ishirini nyumbani, karibu na jiko la mkaa na watoto. Hiyo ni akiba ya kukatazwa kwa nguvu zote.

Migomo ina sura nyingine. Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka wakilalamikia kikosi kazi cha kodi na utaratibu wa kusajili stoo, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokutana nao Mnazi Mmoja siku mbili baadaye. Juni 24, 2024 walifunga tena, na safari hiyo mgomo ukasambaa hadi mikoani, Mwanza na Mbeya ikiwamo. Wateja kutoka Zambia na Congo walikwama na fedha mkononi. Mtaani maisha yaliendelea, kwa sababu mgomo ulikuwa wa siku chache na Mangi alikuwa na mzigo wa wiki iliyopita. Mgomo wa namna hiyo haumlazimishi mtu yeyote kununua katoni tatu za tambi, na anayezinunua ndiye anayemfanya Mangi aishiwe kabla Kariakoo haijafunguliwa.

Hakuna ubaya katika akiba ya nyumbani. Familia yenye unga, maharage, chumvi, sabuni na dawa za wiki mbili au tatu haitaongeza mtu kwenye foleni siku mambo yakiharibika, na hiyo ni faida kwa wote. Suala ni lini inanunua. Mahindi hununuliwa baada ya mavuno, katikati ya mwaka, wakati mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina gunia la bei ya kutupa. Mkaa hununuliwa kiangazi, kabla masika hayajalowesha matanuri na kuharibu barabara. Sukari huongezwa kilo moja moja wakati duka limejaa. Rafu ikiwa imebaki na pakiti nne, mwenye tatu nyumbani aziache.

Kwa wasio na fedha ya mkupuo, njia imekwisha kuwapo: kikundi. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinakusanya fedha kila wiki na kuzigawa mwisho wa mwaka, mara nyingi Desemba, bei zikiwa juu na sikukuu zikiwa mlangoni. Kikundi cha wanawake ishirini kinachotenga sehemu ya mchango kununua magunia Julai kinapata bei ya jumla bila mkopo wa mtu. Kazi yake ni utunzaji, na hapo hakuna mzaha. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi wanamwita Scania, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kabla ya Krismasi, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota sumukuvu, ambayo 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yakaushwe sawasawa, yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na yakae juu ya chaga mbali na ukuta.

Lakini nyumba haziwezi kujazia pengo la taifa. Kila mwaka viwanda vya sukari husimamisha uzalishaji wakati wa masika, kwa sababu miwa haivuniki na mitambo inahitaji matengenezo. Pengo hilo linajulikana kama Ramadhani inavyojulikana. Mwaka wa El Niño nao ulitangazwa: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari Agosti 2023, miezi mitano kabla ya bei elekezi. Katika miezi hiyo meli ingeweza kuagizwa, ikapakia, ikafika na kushusha. Badala yake nchi ilishuhudia serikali na wazalishaji wakirushiana lawama kuhusu vibali na meli, na ubishi ukaendelea hadi bungeni Juni 2024, ambako mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, aliishia kusimamishwa vikao 15.

Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukapewa mamlaka ya kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo. Wazalishaji hawakufurahi, na hoja yao kwamba sukari ya nje inaweza kumuumiza mkulima wa miwa Kilombero au Mtibwa haipaswi kupuuzwa. Hata hivyo ghala la umma ndilo pekee linaloweza kumhudumia mnunuzi wa robo. Linachohitaji ni uwazi: kila mwanzo wa mwezi, kama EWURA inavyofanya kwa mafuta, itangazwe tani ngapi za sukari zipo maghalani, ngapi zipo baharini na zitashuka lini, na kiwanda gani kimesimama. Mangi akisoma tangazo hilo kwenye simu yake atajua alete mifuko mingapi, na mwenye gari ataamua kama kuna haja ya kufungua buti.