Ngiri wa Mikumi hana pikipiki

Ndugu mfugaji, kila nguruwe wanapoanza kufa Kilosa nasikia maneno yale yale: "Ni ngiri wa hifadhini." Ukishamtaja ngiri, kesi imekwisha. Hakuna wa kuulizwa, hakuna cha kubadilisha. Leo naibishia kauli hiyo, nawe mchuuzi wa kitimoto usiondoke, maana sehemu kubwa ya maneno haya ni yako.

Ngiri ana sehemu yake, sikatai. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Montgomery wa Kenya, katika andiko la mwaka 1921. Nguruwe wa walowezi walioshikwa walikufa karibu wote. Baadaye Walter Plowright, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Muguga, nje ya Nairobi, akafuatilia kirusi kinapojificha. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamekikuta ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama hapa hapa Tanzania. Papasi humng'ata mtoto wa ngiri shimoni, mtoto anabeba kirusi bila kuugua, papasi wengine wanamfyonza, mchezo unaendelea. Ngiri mkubwa hukibeba kwa kiasi kidogo sana damuni. Si rahisi amwambukize nguruwe wako kwa kupita tu. Hatari ni papasi wake, na nyama ya porini inayoingizwa nyumbani kimya kimya, mabaki yakatupwa bandani. Kwa hiyo wewe wa Mikumi unayeachia nguruwe wazurure pembezoni mwa hifadhi, wafungie. Kwa upande wa ngiri, kazi yako ni hiyo.

Sasa nijibu: nguruwe aliyezaliwa na kukulia bandani Kilosa mjini, alikutana na ngiri lini?

Mwishoni mwa 2010 ugonjwa ulilipuka Kyela. Haukuishia huko, ukafika Morogoro na Dar es Salaam. Watafiti wa SUA, akiwemo Profesa Gerald Misinzo, walikichunguza kirusi na kukuta ni kundi la pili, lile lile lililoingia Georgia mwaka 2007 na kisha China mwaka 2018, nchi ambazo hazina ngiri hata mmoja. Barabara ya Tunduma hadi Dar inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Ngiri huivuka, hawaifuati hadi mjini. Wanaoifuata ni watu wenye nguruwe na nyama kwenye magari.

Unajua inavyokuwa. Mmoja anakataa kula, masikio yanakuwa mekundu, kesho amekufa. Mfugaji anapiga simu, si kwa ofisa mifugo bali kwa mnunuzi. Mnunuzi anakuja na pikipiki, anachukua watatu kwa bei ya kutupa, na kwa kuwa yuko njiani anapitia mabanda mengine manne kuulizia, na buti zile zile, kamba ile ile. Mchuuzi, hiyo uliita faida. Wiki chache baadaye unazunguka tarafa nzima hakuna nguruwe wa kununua, na jiko lako limepoa.

Na usinisubirishe sindano. Plowright huyo huyo ndiye aliyetengeneza chanjo ya sotoka ya ng'ombe iliyotuwezesha kufika 2011, ugonjwa huo ukatangazwa kuwa umetokomezwa duniani. Mtu wa kiwango hicho aliitafiti homa ya nguruwe na hakutuachia chanjo yake. Vietnam iliidhinisha ya kwao mwaka 2022, lakini ubishi kuhusu usalama wake haujaisha. Na OTC unayodungwa nguruwe wako haiui kirusi. Inaua bajeti tu.

Mtaniuliza: nikitoa taarifa, nani atanilipa? Swali ni la haki, na nimechoka kusikia likijibiwa kwa kutajiwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Sheria inakutaka utoe taarifa, lakini ada ya shule haijilipi kwa kutii. Pendekezo langu ni hili: vikundi vya wafugaji wa nguruwe viwe na mfuko mdogo, kila mwenye banda achangie kwa kichwa cha nguruwe, na wachuuzi wachangie pia maana wanakula humo humo. Wa kwanza kutoa taarifa kabla hajauza hata mmoja ndiye afidiwe. Aliyeuza wagonjwa asipate kitu. Mtamwona atakayepinga, muulizeni anapinga kwa nini.

Wakati mkibishana, bandani kwako mnunuzi asiingie. Mtoe nguruwe nje, ampimie getini. Viatu vya bandani vibaki bandani. Vya mgeni vioshwe matope kwanza ndipo vikanyage dawa, kwa kuwa dawa juu ya kinyesi haifanyi kazi. Dume la kuazima liache. Mabaki ya hotelini yenye nyama ya nguruwe usilishe; mengine yachemke kwelikweli, si kupashwa moto. Mgeni mpya akae peke yake siku 30. Aliyekufa afukiwe kwa kina bila kupasuliwa, na simu ya kwanza iwe ya ofisa mifugo wa kata. Mnunuzi akipiga, mwambie huuzi.