Kadi Moja Inatosha, na Monita Ingoje

Msikilizaji wetu mmoja, kijana wa miaka 19 aliyeko Marekani, katutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Naufupisha. Kompyuta yake ya gemu ina kadi ya GTX 1080, monita yake ni ya 1080p ya kawaida, na sasa anataka monita ya 4K. Kuna mtu anauza GTX 1080 nyingine, ya mtumba, bei ya kutupa. Anauliza: aichukue aziunganishe mbili? Jamaa yake mkubwa kamwambia kadi mbili ni nguvu mara mbili.

Mwenzangu alitaka nimjibu kwa neno moja: usinunue. Lakini neno moja halitoshi, maana mie nimepoteza pesa kwa jambo hilihili, na wala hakuna aliyenitapeli. Nilijitapeli mwenyewe.

Tuanze na huyo jamaa mkubwa. Hakusema uongo, ila habari zake ni za zamani. Mwaka 2004 NVIDIA walileta SLI, yaani kadi mbili kwenye mazabodi moja zikigawana kazi, na wapinzani wao wakaja na CrossFire. Njia iliyozoeleka ilikuwa ya zamu: kadi ya kwanza inachora fremu moja, ya pili inachora inayofuata, hivyohivyo. Kwenye karatasi, mara mbili. Kwenye macho, sivyo. Fremu zilikuwa hazifiki kwa nafasi zilizo sawa, kwa hiyo namba pale pembeni inakwambia 80 lakini jicho linaona gemu inagotagota. Halafu kuna suala la memori, ambalo watu wengi hawalijui: GB 8 na GB 8 hazikuwa 16. Kila kadi inabeba nakala yake ya vitu vilevile, kwa hiyo unabaki na 8. Na memori ndo kitu ambacho 4K inakidai zaidi.

Na lazima gemu yenyewe ikubali. Kuanzia mwaka 2021 NVIDIA waliacha kutengeneza mipangilio mipya ya SLI kwa kadi za aina hiyo, wakawaachia wenye gemu, na wenye gemu wengi hawana habari nayo. RTX 3090 Ti ndo ilikuwa kadi yao ya mwisho ya gemu yenye sehemu ya kuunganishia. Zilipokuja za RTX 40 mwaka 2022, hata hiyo sehemu haikuwepo. Sasa ndugu yangu, ukinunua hiyo GTX 1080 ya pili, kwenye gemu nyingi mpya itakaa tu humo ndani kama mgeni aliyekuja kula. Lipo, linapumua joto, halioshi hata sahani.

Sasa hesabu, na ningeomba uisome polepole. Skrini ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, karibu milioni 2.07. Ya 1440p ni karibu milioni 3.69. Ya 4K ni 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.29. Maana yake 4K ni skrini nne za 1080p ndani ya moja, wala si “kali zaidi kidogo”. Kadi iliyozoea kuchora pikseli milioni 124 kwa sekunde, kwa fremu 60, unaiamsha asubuhi unaiambia leo ni milioni 498. Na dukani wanakuuzia monita ya 144, si ya 60.

Mie hesabu hii niliifanya baada ya kulipa.

Nilikuwa na RTX 3060 Ti na monita ya 1080p, nimetulia zangu, raha mustarehe. Ikaja Novemba na mapunguzo yake, nikaona monita ya 4K ya inchi 27. Nikaichukua. Jioni ya kwanza kila kitu kinakokota, hata mshale wa mausi. Nikailaani monita mpaka usiku, kumbe nimechomeka waya wa HDMI wa zamani niliouokota drooni, ule wa enzi za 1.4, unaopitisha 4K mara 30 tu kwa sekunde. Nikabadilisha waya. Gemu ya mpira ikaenda vizuri kabisa, ile ni nyepesi. Nikafungua Cyberpunk 2077. Wallahi, fremu thelathini na kitu, na feni zinalia kama ndege inaondoka Heathrow.

Basi nikanunua RTX 3080. Kadi hiyo inakula wati 320, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya 750. Yangu ilikuwa 550. Wiki ya kwanza kompyuta ikawa inazimika ghafla katikati ya gemu. Nikanunua pawa saplai. Lakini kabla ya hapo kadi yenyewe ilikuwa imegoma kuingia, ndefu kuliko kasha, nikaing'oa feni ya mbele ili ipite, joto likapanda, nikanunua na kasha. Unaona inavyokwenda? Ulinunua skrini, ukajikuta umenunua kompyuta nzima kwa mafungu, na kila fungu linakuja na sababu yake ya haki kabisa. Hata baada ya kuuza kadi ya zamani, nilikuwa nimetoa zaidi ya pauni elfu moja.

Pesa zenyewe zilikuwa za kibati. Tuko kumi, binamu na marafiki, kila mtu pauni mia kwa mwezi, na zamu yangu iliangukia Novemba hiyo. Ilikuwa ni tiketi ya kwenda Unguja Disemba, harusi ya binamu yangu. Nikajiambia monita ni pauni mia nne tu, nitazirudisha kwenye mshahara. Halafu kadi. Halafu hayo mengine.

Sikwenda. Nilipomwambia mama, alisema “Haya,” akaendelea kumenya vitunguu. Angenigombeza ningepata nafuu.

Harusi niliitazama kwenye hiyo monita. Dada yangu alinipigia simu ya video ya WhatsApp, mtandao unakatika, picha inaganda. Pikseli milioni nane mbele ya macho yangu, na sura ya bi harusi siitambui.

Sitaki mnielewe vibaya. Simo katika wale wanaosema gemu ni mchezo wa watoto. Kila Alhamisi usiku nacheza na binamu yangu aliyeko Muscat, tunaongea Kiswahili saa tatu mfululizo, na sidhani kama kuna saa nyingine kwenye wiki yangu ambayo naongea Kiswahili kirefu namna hiyo na mtu wa rika langu. Kwangu ile ni baraza. Lakini yeye yuko kwenye 1080p mpaka leo, na ananifunga vilevile.

Mwenzangu anabisha, na nimemwahidi nitaandika hoja yake. Anasema kuna watu wanatoa pauni mia mbili kwa viatu na hakuna anayewaandikia makala. Pesa ni yako, furaha ni yako. Sawa. Tena anasema 4K kwa DLSS inapendeza kuliko 1440p ya kawaida. Na hilo nalikubali, macho yangu yanaliona. Ila tujue DLSS inafanya nini: ukiiweka kwenye ubora wa juu, kadi inachora 1440p, halafu programu inaikuza mpaka 4K. Ukiiweka upande wa kasi, inachora 1080p. Yaani hata mwenye kadi ya bei mbaya, mara nyingi mashine yake haichori hizo milioni nane. Na GTX 1080 haina DLSS kabisa. Ina FSR ya AMD kwenye gemu zilizoikubali, ambayo ni afadhali, si muujiza.

Msimamo wangu basi: kadi kwanza, monita baadaye, na wengi wetu tuishie 1440p. Kwenye inchi 27, 1440p inakupa pikseli kama 109 kwa kila inchi, na ukikaa umbali wa kawaida wa meza inatosha sana. 4K mnunulie mtu wa inchi 32, au anayekaa na maandishi kutwa nzima, msanifu, mtu wa kuhariri video. Umeme sitaukuzia: wati 120 za ziada, saa tatu kila siku, ni kama uniti 11 kwa mwezi, na uniti ikiwa pensi 30 hazifiki pauni nne. Lakini kama bili inalipwa na mama, angalau ajue.

Na wewe wa Marekani, kabla hujatoa hata dola, kuna jaribio la bure. Fungua mipangilio ya NVIDIA, tafuta DSR, chagua 4.00x. Hapo gemu itakuruhusu kuchagua 3,840 kwa 2,160 kwenye monita yako hiyohiyo ya 1080p. Hutaona ukali wa 4K, skrini haina pikseli hizo, lakini kadi itabeba karibu mzigo wote wa 4K. Weka gemu nzito unayoipenda, si ya mpira, cheza nusu saa, uangalie fremu. Kisha pima kasha lako kwa rula, soma wati zilizoandikwa ubavuni mwa pawa saplai, na utume ujumbe mwingine wa sauti. Safari hii dakika mbili, tafadhali.