Hata nyota huchuna mabuzi

Juzi usiku nilikuwa kijiweni hapa Singe. Umeme hakuna, Mlima Kwaraa mweusi tii, nyota kibao. Mshikaji wangu mmoja akaanza kulia shida: kauza magunia manne ya mbaazi, hela yote imeishia kwa mtoto mmoja wa mjini. Wiki ile kalipukiwa, wiki hii kabembelezwa. Akaniuliza, "Kaka, huyu si atabadilika?"

Nikamwonyesha Mshale, lile kundi la nyota upande wa kusini. Nikamwambia, pale yupo mchunaji kiboko. Ni nyota ya nyutroni: mzito kulishinda Jua, lakini upana wake ni kama kilomita 20 tu. Jina lake utadhani namba ya gari: SAX J1808.4-3658. Buzi lake ni kinyota kidogo, wanazungukana kila baada ya saa 2 hivi, na yeye anakinyonya gesi. Kwa kula vya mwenzie amepata kasi ya kujizungusha mara 401 kwa sekunde moja!

Gesi ikijazana juu yake inabanwa, inapata moto, halafu puu! Mlipuko wa eksirei. Agosti 2019 alilipuka kwa sekunde 20 hivi, akamwaga nguvu ambayo Jua hutumia karibu siku 10 kuitoa.

Msidhani natunga. Eksirei hizo hazipenyi hewa yetu, lazima setilaiti izinase huko juu. Milipuko yake ilinaswa mwaka 1996 na BeppoSAX, setilaiti ya Waitalia na Waholanzi, ambayo habari zake zilikuwa zikishukia hapo kwa jirani, Malindi, Kenya. Mwaka 1998 setilaiti ya Marekani ikaiona ile kasi, akawa wa kwanza wa aina yake kujulikana. Na setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani iliitwa Uhuru. Ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970. Umbea wa angani umepitia pwani yetu, bwana!

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Mchunaji akishalipuka hatubu. Anatulia, kisha anaanza kunyonya upya. Lile buzi la juu limeshikwa na mvuto, halina pa kwenda. Wewe umeshikwa na nini?"

Kimya.

Leo asubuhi nimemkuta sokoni anauliza bei ya mbegu. Tuonane wiki ijayo.