Haya si Kosa la Nidhamu

Kila Januari shule zinapofunguliwa, kauli ileile husikika mwambao wote wa Ziwa Nyasa, na hapa kwetu Lipingo hatujasalimika: mtoto wa darasa la kwanza anayelia akiachwa, au anayekaa siku nzima bila kutamka neno, dawa yake ni kukaripiwa. Fimbo mbili tatu zitamchangamsha. Wanaosema hivyo ni wazazi, ni walimu, ni wazee tunaowaheshimu, na wanasema kwa uhakika wa kutisha. Nimechoka kuisikia kauli hii, kwa sababu si kweli na kwa sababu anayeumizwa nayo ana miaka sita tu.

Jiulizeni mtoto huyo ananyamaza kwa nini. Nyumbani kwake huku ziwani kunasemwa Kinyasa, Kimpoto au Kimanda. Kule milimani Mbinga ni Kimatengo. Kiswahili amekisikia kanisani na redioni, lakini huenda hajawahi kukitumia hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Leo mtu mzima asiyemfahamu anamwuliza swali kwa lugha hiyo, na darasa zima limemgeukia. Anayenyamaza hapo hajakosa akili. Anasikiliza kwanza, ajue mambo yanavyokwenda. Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alifuatilia watoto kwa miaka mingi tangu uchanga wao, akakuta takriban mmoja kati ya watano huzaliwa na wepesi wa kushtushwa na mambo mapya. Wengi wao hawakubaki na woga uleule walipokua, na malezi yalichangia. Kwa hesabu hiyo, darasa la watoto hamsini lina kumi hivi wa namna hiyo. Tutawachapa wote kwa jinsi walivyozaliwa?

Watetezi wa fimbo hukimbilia methali: samaki mkunje angali mbichi. Mvuvi yeyote wa hapa anajua kwamba samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Mtoto yu hai, na akitishwa hujikunja mwenyewe, akafunga mdomo zaidi. Hoja yao nyingine ni kwamba wao walichapwa na wakawa watu. Wanaosimama kwenye vikao na kusema hayo ndio waliobaki shuleni. Waliokimbilia mitumbwini darasa la pili kwa kuogopa fimbo hawasimami kutoa ushuhuda, wala hakuna anayewauliza. Hata kanuni za viboko za nchi hii, ambazo mimi ningezifuta leo, zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na visizidi viboko vinne. Kuona haya hakumo katika makosa hayo. Woga hauwezi kutolewa kwa woga mwingine.

Wengine watasema mzazi wa kijijini hana nafasi ya kubembeleza, na hapa kuna ukweli kidogo. Mvua za Ruvuma hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo Januari mama yuko shambani akipalilia, na baba aliyekesha ziwani akivua dagaa amelala. Lakini kubembeleza si kazi ya mzazi peke yake. Mtoto mwenye haya anahitaji mtu mmoja tu anayemfahamu ndani ya eneo la shule: kaka, dada, au jirani wa darasa la tatu atakayemshika mkono, ambaye mwalimu atamruhusu kukaa naye siku za mwanzo. Hilo halidai bajeti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilishataka mtoto apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja, ili azoee shule kabla hajadaiwa kusoma na kuandika. Nako tunaharibu: mara nyingi darasa la awali hupewa chumba kilichobaki, na mwalimu wake huitwa kuziba pengo la madarasa ya juu. Tunamnyima mtoto mwaka wa kuzoea, kisha tunamchapa kwa kutozoea!

Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza katika mikoa mingine ya nchi hii, ulitumia vijana wa kijiji husika kuwaandaa watoto kwa hadithi, michezo na mazoezi ya Kiswahili kabla ya darasa la kwanza. Vijana wa namna hiyo hata Lipingo wapo.

Wazazi wenzangu, msingoje Januari. Mpelekeni mtoto shuleni Novemba, masomo yakiwa bado yanaendelea, akaone darasa, choo na uso wa mwalimu. Nanyi walimu, asipojibu wiki ya kwanza, mwacheni asikilize. Mwulizeni tena wiki ya pili, kwa sauti ya chini, akiwa peke yake.